Kumtunza Mtunza Mshahadi

Mwaka juzi vijana fulani wapenzi wa mambo ya kale waliniletea sentensi moja niipige pasi. Walitaka kumpa cheti mzee wa kijiji kimoja cha pwani ambaye tangu ujana wake hufagia makaburi ya kale ya kwao kwa ufagio wa chelewa, hung'oa miche ya mikuyu kabla mizizi haijapasua kuta, na kila kiangazi hupaka chokaa pale palipobanduka. Hakuna aliyemwajiri. Sentensi yenyewe ilikuwa hii: "Cheti hiki kinatolewa kwa kutambua mchango wake katika uhifadhi wa mawe ya makaburi ya kihistoria."

Nikawaambia wanipe siku mbili. Nilikaa nayo wiki tatu.

Sarufi haikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa kwamba sentensi hiyo inamvaa kila mtu. Badili maneno ya mwisho umpe mchezaji wa netiboli, mpe mchangia damu, mpe diwani anayestaafu. Itawaenea wote kama kanzu ya kuazima. Wewe msomaji, ambaye nakujua kwa ugonjwa wetu huu wa kushindwa kulala kwa sababu ya neno, ungefanya kama mimi: ungeifumua.

Nilianzia mkiani, kwenye "mawe ya makaburi". Litamke hilo katika duka la vifaa vya ujenzi, utaulizwa unataka tripu ngapi. Kwa sikio letu jiwe la kaburi ni jiwe lolote lililotumika kulijengea kaburi. Halituambii kwamba kuna jiwe moja, la upande wa kichwani, ambalo halikuwekwa ili libebe wala lizuie, liliwekwa ili liseme. Jiwe hilo lina jina lake, nalo limo kamusini likila vumbi: mshahadi. Wingi wake mishahadi.

Ligeuze neno hilo mkononi. Ndugu zake ni shahidi, ushahidi, shahada, kushuhudia. Waarabu nao jiwe la kichwani huliita shahidi wa kaburi, kwa hiyo ukoo haujafichwa. Lakini angalia jinsi Kiswahili kilivyolitengenezea ngeli yake. Mshahadi umeanguka, mishahadi imeanguka. Shahidi ameanguka ni msiba mwingine kabisa.

Napenda pia kwamba mshahadi si "kumbukumbu". Magazeti yetu hukitupia neno hilo kila kitu kilichojengwa kwa ajili ya wafu: mnara wa kumbukumbu, jiwe la kumbukumbu, bustani ya kumbukumbu. Kumbukumbu huishi ndani ya anayekumbuka. Akifa yeye, imekwisha. Ushahidi hutolewa mbele ya watu ambao hawakuwapo. Jiwe la miaka 600 halimkumbushi mtu yeyote marehemu aliyelala chini yake. Linamshuhudia.

Kuna rafiki yangu, padri, aliyenipinga: neno hilo la Waislamu wa pwani, utalibandikaje kwenye msalaba? Nikamkumbusha kwamba kanisa lake huwasoma Mashahidi wa Uganda kila Juni, na kwamba hata Mashahidi wa Yehova wanaobisha hodi kwake Jumamosi asubuhi hawakuomba ruhusa msikitini kulitumia neno lao. Kule Mombasa, upande wa Nyali, liko kaburi la Rosine Krapf aliyefariki mwaka 1844, mke wa Johann Ludwig Krapf ambaye kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilichapishwa 1882. Mke wa mtunga kamusi yetu, na jiwe lake tuliite tu jiwe? Mshahadi. Padri hakukubali, lakini alinyamaza.

"Makaburi" sikuyagusa. Neno ni la Kiarabu, limezoeleka tangu kale, na halina upungufu. Nililifikiria mava, lakini mava ni eneo zima la kuzikia, nalo hukaa vizuri zaidi likiwa mavani. Nikalifikiria na ziara, ambalo kaskazini mwa pwani yetu huweza kuwa kaburi lenyewe la mtu mwema, si safari ya kulizuru tu. Hilo lingependeza, ila siku hizi ziara ni ya waziri, ina ving'ora na chupa za maji mezani. Tuliache lipumzike.

Jambo moja lilinishangaza nilipokuwa nachambua msamiati huu. Chini ya ardhi Kiswahili ni tajiri, juu ya ardhi ni fukara. Huko chini tuna mwanandani, ule ubavu unaochimbwa pembeni mwa kaburi alazwe maiti, neno zuri kuliko kitu chenyewe. Tuna kiunza, ubao unaomziba maiti udongo usimwangukie. Mtu yeyote aliyewahi kuzika huyajua. Ukishapanda juu, kwenye kuta za matumbawe, vidaka, nakshi, minara na maandishi, tunababaika. Sababu moja haifichiki: wapo masheikh wengi wasiopenda kaburi lijengewe, na wana hoja zao. Mababu zetu waliojenga Kaole na Kunduchi, Mambrui na Takwa, bila shaka walizijua hoja hizo. Wakajenga. Sisi tuliorithi tumebaki na kuta bila majina ya sehemu zake.

Chukua yale makaburi marefu yaliyoufanya mwambao wetu ujulikane kwa wasomi wa dunia. Vitabu vya utalii huyaita "makaburi ya nguzo". Nguzo, ndugu yangu, hubeba. Nguzo ya nyumba hubeba boriti, nguzo za Uislamu hubeba dini, nguzo ya umeme hubeba waya. Ile ya juu ya kaburi haibebi kitu ila anga. Aliyesema nguzo alikuwa na neno la kigeni kichwani, akalivisha kanga.

Wenyeji wengi husema mnara, na nadhani wao ndio wenye haki. Mnara nao ulikuja na mzigo wake: kwa Kiarabu una ukoo na nuru, ni pahali pa taa, kisha pa mwadhini, na sasa kwetu ni chuma cha kampuni ya simu. Hapa hakuna taa wala adhana. Lakini mnara una sifa ambayo nguzo haina: husimama ili uonekane kwa mbali. Baharia anayetokea kaskazini anajua amefika wapi. Kule Kilifi kijiji kizima kinaitwa Mnarani, na kaburi lake la mnara wa pembe nane lipo hapo msikitini. Kaburi la mnara, basi. Nguzo tuwarudishie mafundi seremala.

Kidogo juu ya Tongoni, kwa sababu jina lake hunipendeza kila nikilitaja. Pale kusini ya Tanga pana makaburi kama 40, na zaidi ya nusu yalikuwa na minara. Tongo ni pahali palipokuwa na watu wakaondoka. Kwa hilo hilo tuna mahame, pahali palipohamwa, na magofu, ambayo ni kuta tu. Mahame yanawahesabu watu waliokwenda, magofu yanayahesabu mawe yaliyobaki. Tongo liko katikati, linanuka majani. Jina la mji huo ni maelezo ya hali yake, na kila anayelitaja amekwisha kutoa taarifa ya akiolojia bila kujua.

Sasa maandishi yenyewe. Gede kuna kaburi ambalo jiwe lake lina mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, na James Kirkman aliyeanza kuchimba pale 1948 alilifanya kuwa msumari wa kutundikia tarehe nyingine zote za mji huo. Kwa Kiswahili tunaliita "Kaburi lenye Tarehe", kana kwamba ni risiti. Kiarabu kina neno moja kwa siku na kwa historia. Kiswahili, kwa werevu wake, kikaligawa pande mbili. Tarehe ikaenda kwenye kalenda na tarihi ikaenda kwenye masimulizi ya mambo yaliyopita. Ule mwaka wa Gede si tarehe, maana hakuna aliye na miadi nao. Ni tarihi. Kaburi la Tarihi: jaribu kulisema kwa sauti. Na kule Takwa, kisiwani Manda, ambako watu wa Shela huvuka kwenda kuomba dua penye mnara ulioandikwa mwaka 1094 wa Hijria, ni tarihi ya pili. Sheria nayo inazo tarehe zake, 1863 kwa Tanzania na 1895 kwa Kenya, za kukata kipi kihesabiwe cha kale. Hizo ni tarehe kweli, na zibaki hivyo.

Nani basi aitwe anayesoma mishahadi? Hapa niliingia matopeni. "Msomaji wa makaburi", kwa mtu wa pwani, ni yule anayekaa kaburini akisoma Qurani kwa ajili ya marehemu, wakati mwingine kwa ujira. "Mtaalamu wa makaburi" ni mchimbaji mwenye bei ya juu. "Mpenda makaburi", jina ambalo Wazungu wenye mapenzi hayo wamejiundia kwa Kigiriki na kutembea nalo kifua mbele, kwetu litakuletea wanamgambo nyumbani usiku. "Mfukuaji" ndiyo usilitaje kabisa: wanasiasa wetu wamekwisha kutufundisha kwamba kufukua makaburi ni kuchokonoa kashfa zilizozikwa na waliopita. Na "mganga wa mawe" lilinijia usingizini, kwa vile kuganga kwa asili ni kuunga kilichovunjika, kufunga kilichoachana, maana ile ile ninayoitaka. Nikaamka nikalifuta. Mganga makaburini hana haja ya cheti, ana haja ya wakili.

Lugha imekwisha kutuonyesha njia: mwanahistoria, mwanaisimu, mwanasheria. Mwanamishahadi, basi, na wanamishahadi. Ni refu, najua. Lakini lina mwana ndani yake, kama mwanandani, na mtu anayeshinda juani akinakili herufi za Kiarabu zilizolika na upepo wa bahari ameshazaliwa upya na mawe hayo. Freeman-Grenville na Martin, waliochapisha mwaka 1973 orodha ya maandishi ya Kiarabu ya mwambao huu kuanzia Mogadishu kushuka kusini, walikuwa wanamishahadi. Nalitupa neno hili uwanjani, wewe ulipige teke uone kama linadunda. Marehemu Ahmed Sheikh Nabhany alitupa runinga ikaingia midomoni mwa Wakenya. Akatupa na ngamizi, kompyuta ikaishinda mbio. Mtunga istilahi ni mpandaji, mvua si yake.

Wenzetu wa New England, kaskazini mashariki mwa Marekani, wana chama cha wanamishahadi tangu 1977. Kila mwaka hutoa tuzo yenye jina la Harriette Merrifield Forbes, mwanamke wa Worcester aliyezunguka na kamera kwenye makaburi ya walowezi wa kwanza, akachapisha 1927 kitabu juu ya mawe hayo na watu walioyachonga. Hiyo nusu ya pili ndiyo iliyonigonga. Kabla yake jiwe lilikuwa na jina la aliyelala tu. Yeye akaenda kwenye mirathi na daftari za malipo akalitafuta jina la aliyechonga.

Sisi hata neno la mchongaji huyo tumelitelekeza. Kuaka ni kujenga kwa mawe, na mwenye kazi hiyo ni mwashi. Uashi bado unafundishwa vyuo vya ufundi, lakini aliyehitimu hujitambulisha "fundi ujenzi", kana kwamba mwashi ni cheo cha babu. Ni nani aliyeaka mnara wa Mambrui na kuzipachika ndani yake bakuli za Kichina? Mwashi. Tusimwite fundi, maana fundi ni wa baiskeli, wa cherehani, wa simu. Na tukimpa jina lake la kazi, pengine siku moja mtu atapata hamu ya kumtafuta na jina lake la ubatizo, au la akika.

Na kama tumeshika mwiko wa kujengea, tulitazame saruji. Siku niliyokwenda kumwona yule mzee alinipeleka kwenye kaburi moja lenye kidonda kikubwa ubavuni. Msamaria mmoja alikuja na mifuko yake akalisiriba kaburi zima, likang'aa. Baada ya masika machache siriba ile ikabanduka na ngozi ya matumbawe pamoja nayo, maana ilifungia maji na chumvi ndani visipate pa kutokea. Mzee hana elimu ya kemia, akasema tu, "Jiwe lilinyimwa pumzi." Kwake yeye saruji ni adui na chokaa ni dawa.

Kichekesho kimo ndani ya neno. Saruji ni la Kiajemi, na kule Uajemi na Omani saruji ilikuwa, na kwa mafundi wa ngome na mifereji ya kale ingali, lipu ya jadi ya udongo uliochomwa na chokaa. Ndiyo hasa dawa ambayo mzee angeifurahia. Neno likaja kwetu likiwa na maana hiyo, kisha kiwanda kikalinunua pamoja na mifuko. Leo mwanamishahadi wa Kiswahili analazimika kusema "usitumie saruji" akimkataza mtu kwa neno lililokuwa na jibu. Sina pendekezo hapa. Vita hiyo tumeshindwa, na simenti yenyewe haijali inaitwaje.

Turudi kwenye sentensi. "Ya kihistoria" niliikata bila huruma. Goli la dakika za mwisho ni la kihistoria, bajeti ni ya kihistoria, foleni ya jana ilikuwa ya kihistoria. Nikapanga mbadala: makuukuu ni yaliyochakaa, na mtu hafagii kitu kikuukuu, hukitupa. Ya kale yanafaa, ila yana ubaridi wa makumbusho. Makongwe! Mkongwe ni mzee ambaye umri umempa hadhi. Mwanamuziki mkongwe huchezewa nyimbo zake asubuhi redioni. Makaburi makongwe yana umri na yana heshima kwa pumzi moja.

"Uhifadhi" ulinipa shida kubwa zaidi kwa sababu neno lenyewe ni bora na limetumika vibaya. Hifadhi sasa ni tembo. Ukimwita mzee wetu mhifadhi, watu wa bara watamtafutia gwanda la kijani na cheo. Lakini huko lilikotoka, kuhifadhi ni kuweka kifuani: mtoto wa chuoni huhifadhi sura, na aliyeimaliza Qurani yote moyoni ni hafidh. Mzee yule ana makaburi ambayo mishahadi yake imeng'oka zamani, bila herufi hata moja, naye anakuambia huyu alikuwa bibi fulani, huyu alikuja kwa jahazi, hawa ni mapacha. Huyo kahifadhi kweli. Hata hivyo neno limeshahamia porini na sikuona namna ya kulirudisha kwa karatasi moja. Serikali nayo ina "malikale", lililofinyangwa kwa mfano wa maliasili. Ni ubunifu ninaouheshimu, lakini mali huuzwa, na makaburini neno hilo linanikera. "Mlinzi" sikulipa hata dakika: mlinzi analinda geti.

Nilipomwamkia mzee siku ile, shikamoo na marahaba zikapita, nikamuuliza kazi yake anaiitaje. Akanitazama kama aliyeulizwa jina la kula. "Nawatunza wazee," akasema.

Kutunza! Nilirudi nyumbani ndani ya daladala nikilitafuna neno hilo kama miwa. Mama hutunza mtoto, mkulima hutunza shamba, mwenye akili hutunza siri. Halafu jioni nenda kwenye taarabu: mwimbaji anapofika pale pa kuchoma, shoga mmoja anainuka na kanga yake, anakwenda mbele kwa madaha na noti kati ya vidole. Anafanya nini? Anamtunza. Na alichompa ni tunzo, neno ambalo watangazaji wamelidondosha sauti moja njiani likawa tuzo. Kiswahili kimeweka kulea na kuzawadia mdomo mmoja. Mtunza ni anayeangalia, mtunzwa ni anayepewa, na katikati hakuna ukuta. Wenzetu wanahitaji vitenzi viwili na kamati. Sisi tunaweza kusema kwamba tumemtunza mtunza, na kila aliyelelewa na lugha hii anaelewa maana zote mbili bila kufafanuliwa. Tahadhari moja tu kwa mchapaji: mtunza, si mtunzi. Mtunzi ametoka kwenye kutunga, na mtu anayetunga makaburi ni wa kuripotiwa.

"Mchango" uliondoka wenyewe. Mchango hutolewa na wengi, kila mtu chake, na mwenye daftari anaandika. Wa harusi, wa msiba. Miaka yote ile mzee hakuchangia kazi ya mtu. Alikuwa peke yake na ufagio wake. "Kuenzi" lilinivutia, lina enzi ndani yake, lakini tumezoea kuwaenzi waliokwisha kufa, na mzee ana afya njema, alhamdulillahi.

Likabaki "kutambua". Utambuzi una nyumba yake ya kweli, nayo ni mochwari: ndugu huitwa kuutambua mwili. Nilikuwa nimekwisha kulichora mstari, kisha nikakumbuka ripoti ya mwaka 2021 ambamo Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, walikufa katika Vita Kuu ya Kwanza bila kukumbukwa kwa majina, au bila kukumbukwa kabisa. Wengi wa hao wa kwetu walikuwa wapagazi. Hawana mishahadi. Jeshi lao la kubeba mizigo lilikuwa na jina la Kiingereza ambalo ndimi zetu zililisaga, na leo tunashuka pale kununua viazi na vitenge: Kariakoo ya Dar es Salaam, Kariokor ya Nairobi. Neno lililosagika ndilo jiwe lao la kichwani. Kila kondakta anayelipaza anawasomea jina la kikosi chao, asubuhi hadi usiku, na hakuna anayemtunza yeye. Kutambua, kwa hao, lingekuwa neno sahihi kabisa, na zito. Kwa mzee wetu halifai. Kijiji kizima kinamtambua.

Mwisho kabisa, "cheti". Kihindi kilituletea kikaratasi cha kukunja na sisi tukakivisha fremu. Vijana waliwahi kuwaza nishani, na mimi nilifurahi bila kusema: kwa Kiajemi nishani ni alama, na mshahadi nao ni alama, moja ya kifuani na nyingine ya ardhini. Bajeti ikakataa. Nikapendekeza shahada. Wakacheka, wakadhani nataka apewe digrii. Lakini shahada kwanza ni tamko la aliyeona: nashuhudia. Mishahadi iliwashuhudia wafu, mzee akaishuhudia mishahadi, na sisi tunamshuhudia mzee. Wakasema hapana, Mwalimu, watu watatuuliza ni chuo gani. Tukapatana kwenye tunzo, kwa sharti kwamba ile n isidondoke.

Sentensi iliyokwenda kwa mchapaji ilikuwa hii: "Kwa tunzo hii anatunzwa mtunza mishahadi ya makaburi makongwe ya kwao." Niliandika mishahadi kwa herufi kubwa pembeni, nikapigia mstari, nikamsomea kwenye simu. Mchapaji, kijana mwema anayejua tahajia, akaona kosa akalirekebisha. Karatasi ilipofika, tayari imo ndani ya fremu, ilisoma: mtunza mashahidi ya makaburi makongwe.

Sikuligundua hilo mpaka tuko uwanjani, mzee amevaa kanzu, mjukuu wake wa darasa la sita anamsomea babu yake kwa sauti kubwa mbele za watu. Nilimsogelea nikamnong'oneza kwamba nitachapisha nyingine. Mzee akaichukua fremu, akaiweka mbali kidogo na macho, akasoma mwenyewe polepole akifuata kwa kidole.

"Mashahidi ni sawa," akasema. "Ila hapo, Mwalimu, kama ni mashahidi, basi ingekuwa 'wa', sivyo?"

Nikamwambia ndivyo. Akatikisa kichwa, akaigeuza fremu, akaugusa ubao wa nyuma kwa kidole gumba kama anavyogusa chokaa kujua kama imekauka, akauliza kama karatasi ile itahimili chumvi.